Jinsi ya Kuwapa Wafanyakazi Sauti na Uhuru wa Kuamua: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Biashara Ndogo Uganda

Kila mwenye biashara anayenijia na shida hii huja na hadithi ileile. Aliitisha mkutano, akafunga mlango, akasema, "Leo kila mtu awe huru, aseme lililo moyoni." Watu kumi na wawili wakatazama viatu vyao. Mwishowe mmoja akauliza kama chai inaweza kuongezwa sukari, wote wakacheka, mkutano ukaisha. Mwingine, mwenye gereji, alitundika sanduku la maoni karibu na mlango wa choo. Alipolifungua baada ya miezi miwili alikuta risiti ya mafuta na maganda ya pipi.

Wote hao walianzia mwisho. Mfanyakazi anayenyamaza amepiga hesabu zake vizuri. Akisema asisikilizwe, kapoteza pumzi. Akisema bosi akanuna, huenda kapoteza kazi. Akinyamaza, mwisho wa mwezi mshahara unaingia kwenye simu. Mpaka hesabu hiyo ibadilike, hotuba yako haitamfungua mdomo.

Nina kiwanda kidogo cha mikate Walukuba, hapa Jinja. Tuko kumi na wanne, zamu mbili. Nilishindwa mara mbili kabla ya kupata mpangilio huu, na nitakuonyesha niliposhindwa. Unafaa biashara yenye watu watano hadi arobaini hivi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari kubwa la kaunta, lile lenye jalada gumu. Litakaa mahali ambapo kila mtu anaweza kulifungua bila kupita ofisini kwako.
- Karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito.
- Dakika 40 kila wiki ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Mkutano wa baada ya kazi ni adhabu kwa anayekuja.
- Fedha za maamuzi, yaani kiasi ambacho watu wako watatumia bila kukuuliza. Kwangu ni shilingi 30,000 kwa kila zamu.
- Orodha ya mishahara, mikataba ya kazi, na rekodi za michango ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii.
- Nakala ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Iweke pale watu wanapokula, ichafuke kwa mchuzi. Ikibaki safi, haisomwi.
- Mtu mmoja wa nje ya kazi wa kumwagia hasira zako. Utakasirika, nakuhakikishia, na hasira hizo zisiwafikie wao.

## Hatua ya 1: Lipa unachodaiwa

Kabla ya kuuliza maoni ya mtu yeyote, kaa chini na orodha ya mishahara. Kuna mwezi unaodaiwa? Kuna saa za ziada ambazo hukulipa kwa kuwa hakuna aliyedai? Kuna likizo iliyoliwa?

Sheria yetu inaweka wiki ya kazi isiyozidi saa 48 na siku moja kamili ya kupumzika. Inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, na inakutaka umpe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Kwa NSSF, wewe unachangia asilimia 10 ya mshahara na yeye anakatwa asilimia 5. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, hata mwenye wafanyakazi wawili anapaswa kuchangia. Ule utetezi wa "sisi ni wadogo, hatufiki watano" umekufa.

Kwa nini tuanze na fedha katika mwongozo wa sauti? Kwa sababu mtu unayemdai akuamini huku yeye anakudai mshahara atasikia jambo moja tu katika maneno yako: huyu anataka tuzungumze ili asilipe. Binamu yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliruka hatua hii. Mkutano wake wa kwanza wa uhuru ukageuka kuwa mkutano wa madeni, naye akakimbia kupitia mlango wa nyuma.

Huna fedha za kulipa yote kwa mkupuo? Mwandikie kila mtu kiasi anachodai na tarehe utakazolipa, utie sahihi, umpe karatasi. Kisha zishike tarehe hizo hata kama utauza pikipiki.

Utajua umefaulu siku utakapopita katikati ya watu wako na hakuna anayegeuza uso.

## Hatua ya 2: Wasikilize mmojammoja, ukiwa na swali sahihi

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa hiyo twende polepole.

Usiulize, "Kuna shida yoyote?" Jibu la swali hilo kila mtu hapa Uganda amelikariri: "Hakuna shida, madam." Usiulize pia, "Unafikiri tuboreshe nini?" Ni swali la semina. Mtu aliyesimama mbele ya oveni tangu saa tatu usiku hana jibu la semina.

Uliza juu ya kazi ya jana, kitu anachoweza kukionyesha kwa kidole. Mimi natumia maswali matatu:

1. Jana ulikaa bila kazi ukisubiri nini?
2. Ni kitu gani unakifanya kila siku huku unajua hakina maana?
3. Ni jambo gani ulitaka kuniambia ukaona uache?

La tatu liulize mwisho, na si lazima lijibiwe siku hiyo.

Mfuate mtu pale anapofanyia kazi. Usimwite ofisini, kuitwa ofisini maana yake ni kosa. Mimi nilikwenda saa kumi usiku, nikashika beseni la pili na kukanda unga pamoja na kijana mmoja wa kutoka Arua ambaye kwa miaka miwili nilikuwa sijamsikia akisema sentensi nzima. Nilimuuliza lile swali la kwanza. Hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidevu kuelekea mlango wa stoo, pale lilipokuwa kufuli.

"Ufunguo, madam."

Hamira ilikuwa ikiisha saa nane usiku. Ufunguo wa stoo ulikuwa chini ya mto wangu, nyumba ya tatu kutoka pale. Mara moja walikuwa wamenigongea usiku, nikawafokea, nami nilishasahau. Wao hawakusahau. Tangu siku hiyo, hamira ikipungua waligawanya iliyobaki, na madonge ya mwisho yakaingia kwenye oveni hayajaumuka. Kwa miezi mingi nilirudishiwa mikate mizito kama tofali, nikabadilisha muuza hamira mara mbili, nikamlaumu na wa tatu. Watu watano walijua sababu. Sikuwahi kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kufuli.

Maonyo mawili. La kwanza: usijitetee. Ukisema, "Lakini nilifunga kwa sababu sukari ilikuwa inaibwa," mazungumzo yamekwisha, na mwenzake anayesikiliza pembeni amejifunza kunyamaza. Sema tu, "Nimesikia," kisha uliza lini na mara ngapi. La pili: usiandike mbele yake. Kalamu inamkumbusha polisi. Andika ukifika nyumbani.

Wape watu wote nafasi, pamoja na mfagiaji na mpishi wa posho na maharagwe. Bodaboda wanaokupelekea mzigo waulize pia. Wanajua wateja wako kuliko wewe. Kwa watu kumi na wanne nilitumia siku tisa.

Kufaulu kwa hatua hii kunasikika: majibu yanakuwa na majina ya vitu. Ukisikia "mawasiliano" au "ushirikiano," bado. Ukisikia "kufuli," "ndoo ya pili," "ile taa ya nyuma," umefika.

## Hatua ya 3: Rekebisha jambo moja ndani ya siku saba, bila hotuba

Chagua katika uliyoyasikia jambo moja lenye sifa tatu: watu wengi wanaliona, liko ndani ya uwezo wako, na linakuuma kidogo. Hiyo sifa ya tatu usiiruke. Ukibadilisha kisichokugharimu kitu, wataona ni mapambo.

Mimi nilichonga ufunguo wa pili, nikamkabidhi kiongozi wa zamu ya usiku, pamoja na daftari dogo la kuandika kinachotoka stoo. Usiku wa kwanza sikulala. Niliona magunia ya sukari yakitembea barabarani kwa miguu yao. Asubuhi nilihesabu, kila kitu kilikuwepo, na mwandiko wa daftari ulikuwa safi kuliko wangu.

Usiitishe mkutano kutangaza kwamba umesikiliza. Usiseme nani alitoa wazo, kwa sababu wenzake watamwita mpambe wako. Fanya, kisha unyamaze. Habari itatembea yenyewe.

Baada ya siku chache mtu atakuja na jambo la pili bila kuitwa. Asipokuja baada ya wiki mbili, rekebisha jambo lingine. Usiende hatua ya nne kabla hajaja.

## Hatua ya 4: Andika nani anaamua nini

Uhuru usio na mpaka ulioandikwa ni mtego. Mfanyakazi akiambiwa, "Tumia akili yako," anajua kabisa kwamba akikosea ataulizwa, "Nani kakwambia?" Kwa hiyo hatatumia akili yake. Atakupigia simu, na wewe utalalamika kwamba huna watu wa kujitegemea.

Gawa karatasi ya manila mara tatu:

Amua mwenyewe. Hapa hakuna ruhusa wala taarifa. Kwetu: mpangilio wa nani anaanza na oveni, kubadilishana zamu kati ya wawili waliokubaliana, kukataa unga uliolowa, kusimamisha mashine yenye hitilafu.

Amua, kisha niambie kesho yake. Kwetu: matumizi ya hadi shilingi 30,000 kwa zamu, kumrudishia mteja fedha za mkate mbovu, kukodi bodaboda mzigo ukichelewa, kuuza kwa bei ya chini mikate iliyovunjika.

Tuulizane kwanza. Kwetu: kuajiri, kukopesha mteja, kubadilisha uwiano wa viungo, kitu chochote cha bei zaidi ya kile kiasi.

Jaza karatasi hiyo pamoja nao. Anza na safu ya tatu tupu kabisa, halafu kila unachotaka kukiweka huko kitetee mbele yao. Utashangaa vitu vingi huwezi kuvitetea. Mimi nilitaka ratiba ya zamu ibaki kwangu. Mama mmoja wa kufunga mikate akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama najua ni siku gani mtoto wake anakwenda kliniki. Sikujua. Ratiba ikahamia safu ya kwanza.

Kuhusu kiasi cha fedha, kanuni yangu ni hii: chagua kiasi ambacho kikipotea chote utakasirika lakini utalala. Kwangu ni pungufu ya bei ya nusu mfuko wa unga. Anza chini, ongeza baada ya miezi mitatu. Kuongeza ni furaha. Kupunguza ni tusi.

Usalama weka safu ya kwanza daima. Mtu akiona waya umechubuka au mtungi wa gesi unavuja, asimamishe kazi kwanza, maelezo baadaye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inaweka wajibu huo wa usalama mabegani mwako, hata wewe ukiwa umelala.

Onyo kubwa la mwongozo mzima. Wakishaamua jambo lililo katika safu ya kwanza au ya pili, usilitengue, hata kama wewe ungefanya vingine. Najua ninachosema. Asubuhi moja gari letu lilikataa kuwaka, na kiongozi wa zamu akakodi bodaboda wawili kupeleka mikate kwenye shule moja ya bweni. Alilipa shilingi 20,000. Mbele ya watu wote nikamuuliza, "Nani alikuruhusu?" Karatasi ilikuwa ukutani nyuma yake, kwa mwandiko wangu, na kila aliyekuwepo aliisoma kimoyomoyo.

Wiki saba zilizofuata hakuna aliyeamua kitu. Simu yangu ililia usiku mpaka nikaizima. Kurekebisha kulinigharimu kuomba radhi mbele ya watu walewale, mahali palepale, saa ileile ya asubuhi. Kuomba radhi faraghani baada ya kumwaibisha mtu hadharani hakulipi deni.

Uamuzi ukiwa mbaya kweli, vumilia, kisha badilisha karatasi katika mkutano unaofuata. Mpaka unahamishwa kwa siku zijazo tu.

## Hatua ya 5: Waache wachague wasemaji wao

Ukiwa na watu chini ya wanane, ruka hatua hii, ongeeni wote. Zaidi ya hapo unahitaji wasemaji wawili au watatu. Bunge letu pale Kampala lina wabunge watano wa wafanyakazi, na biashara nyingi za huku mtaani hazina msemaji hata mmoja.

Kura iwe ya siri, vipande vya karatasi ndani ya sufuria, na kura zihesabiwe na mfanyakazi. Wewe na msimamizi msiwepo. Msimamizi asigombee. Zamu ya usiku iwe na wake, maana mtu wa mchana hajui baridi ya saa tisa usiku. Muhula uwe miezi sita.

Asiyejua kusoma asiachwe: kila mgombea apewe kopo lake, na kura iwe punje ya mahindi. Kwetu imefanya kazi vizuri kuliko karatasi, na punje hazina mwandiko wa kutambulika.

Watachagua mtu usiyempenda. Karibu kila mahali wanamchagua yule mwenye mdomo. Nyamaza, mpe mkono. Mara nyingi ni mtu aliyekuwa anasema maneno yaleyale nje ya geti, na sasa utayasikia wewe kwanza.

Jambo la kisheria ambalo watu hulikwepa: wasemaji hawa hawachukui nafasi ya chama cha wafanyakazi. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama anachokitaka. Watu wako wakitaka kujiunga na chama kilicho chini ya NOTU au COFTU, yale mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi nchini, huo ni uamuzi wao, na kumfukuza mtu kwa sababu hiyo ni kosa. Ukianzisha usemaji huu ili kuzuia chama, watanusa siku ya pili.

## Hatua ya 6: Mkutano wa kila wiki na daftari

Siku ileile, saa ileile. Sisi tunakutana Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zamu zinapopishana, na zamu ya usiku inalipwa dakika hizo 40. Mwenyekiti ni msemaji, na wanapokezana. Wewe unakaa kwenye benchi kama wengine, unazungumza mwisho. Kama huwezi kujizuia, fanya ninavyofanya mimi: shika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili na unywe kila unapotaka kukatiza.

Lugha ni jambo la kuamua mapema. Kwetu kuna Wasoga, Walugbara, Waacholi na wawili wa kutoka Busia, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Lakini chunguza. Kwa watu wazima wengine nchini mwetu, Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya wanajeshi barabarani, na ukiitumia wanajikunja. Mruhusu mtu aseme kwa lugha ya kwao, jirani yake atafsiri.

Daftari lina safu nne: tarehe, jambo, nani analishughulikia, jibu. Majibu yanayokubalika ni matatu tu:

- Ndiyo, na tarehe ya kulikamilisha.
- Hapana, na sababu.
- Bado, na tarehe ya kujibu. Jambo moja lisipewe "bado" zaidi ya mara mbili.

"Tutaliangalia" ni marufuku. Kwa miaka mingi lilikuwa neno langu pendwa, na kila mtu alijua maana yake.

Usiogope "hapana." Waliomba mkate mmoja kila siku wa kwenda nao nyumbani. Nikaandika bei ya unga, umeme, kodi na mshahara kwenye manila, tukahesabu pamoja faida ya mkate mmoja, na ombi likakataliwa. Kisha yule mwenye mdomo akapendekeza mikate ya pembeni mwa trei, inayopinda na kuuzwa nusu bei, igawanywe Jumamosi. Hilo liliwezekana. Lisingepatikana kama ningeficha hesabu. Huna haja ya kuonyesha akaunti yako ya benki. Onyesha hesabu ya kitu kimoja mnachokitengeneza wote.

Utajua mkutano umekomaa pale watakapoanza kubishana wao kwa wao mbele yako, wakasahau kukutazama kila baada ya sentensi.

## Hatua ya 7: Njia ya mambo mazito

Yapo mambo ambayo hayasemwi kwenye benchi la Jumatano: msimamizi anayemshika mwanamke, tuhuma ya wizi, ugomvi wa kikabila. Yawekee njia yake mapema.

Kwa unyanyasaji wa kingono, njia isipite kwa msimamizi wa zamu. Chagua watu wawili, angalau mmoja mwanamke, ambao yeyote anaweza kuwaendea. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia jambo hili. Wewe mwenye kumi usisubiri kufika 25.

Kwa makosa ya kazi, sheria inasema kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na awe na haki ya kuja na mtu anayemtaka mwenyewe. Kwetu zilipotea kilo mbili za sukari mwezi wa nne baada ya kufuli. Jina la kijana mmoja likatajwa haraka sana, haraka kupita kiasi. Alikuja kwenye kikao na mmoja wa wasemaji, naye akafungua daftari la stoo na kuonyesha kwamba usiku ule mzani ulikuwa umeazimwa na jirani, na sukari ilipimwa kwa kopo. Hakukuwa na wizi. Palikuwa na kopo kubwa. Bila mtu wa kumsindikiza, yule kijana angetoka getini siku hiyo akiwa mwizi mtaa mzima.

Bandika ukutani pia mahali ilipo ofisi ya afisa wa kazi wa wilaya yenu. Wenye biashara wengi hushtuka nikisema hivyo. Lakini sheria tayari inamlinda mfanyakazi anayekushtaki: kupeleka malalamiko si sababu halali ya kumfukuza, isipokuwa ikithibitika hayana msingi. Kuficha anwani ya ofisi ya serikali hakukulindi na kitu.

## Pale mambo yanapokwama

Msimamizi anapinga. Ni kawaida, umemnyang'anya ufalme wake. Kaa naye peke yenu kabla ya hatua ya nne, mpe kazi mpya inayoonekana. Wa kwangu sasa anafundisha wapya na anapokea unga. Akiendelea kuwatisha watu baada ya miezi miwili, itabidi umhamishe. Nilichelewa kufanya hivyo mwaka mzima.

Mtu mmoja anazungumza kila wiki, wengine kimya. Mwenyekiti azungushe kijiko cha mti: anayekishika ndiye anayesema, na anaruhusiwa kusema "napita."

Wanaomba mshahara tu. Basi ndilo jambo lenyewe. Lijibu kwa hesabu na tarehe, usiligeuze.

Kuna anayetumia vibaya fedha za zamu. Shughulika naye yeye, kwa njia ya hatua ya saba. Usiwafungie stoo watu kumi na watatu kwa kosa la mmoja.

## Hatua ya 8: Ondoka siku nne

Baada ya miezi mitatu, fanya jaribio. Chagua wiki ya kawaida, si ya sikukuu, wala ya kufungua shule. Waambie kwenye mkutano kwamba hutakuwepo Alhamisi hadi Jumapili na kwamba simu utaiwasha mara moja tu kwa siku, saa moja jioni. Karatasi ya maamuzi iwe ukutani, fedha za zamu ziwe kwa wenyewe.

Kisha ondoka kweli. Usimtume shemeji apite "kununua mkate."

Mimi nilikwenda Soroti kwa mama. Siku ya kwanza nilikuwa naitazama simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya damu. Siku ya tatu nilisahau kuiwasha. Niliporudi Jumatatu alfajiri nilikuta daftari lina mistari saba mipya. Umeme ulikatika Ijumaa, wakahamisha madonge kwenye oveni ya kuni ya jirani na kumlipa shilingi 15,000. Mteja mmoja alirudishiwa fedha. Wawili walibadilishana zamu kwa sababu ya msiba. Mstari wa saba ulisema mikate iliyovunjika sasa inauzwa shilingi 500 pungufu ya bei niliyokuwa nimeizoea mimi, kwa sababu kwa bei ile ilikuwa inalala mpaka inaota ukungu.

Niliusoma mara tatu. Bei hiyo niliiweka mimi siku ya kwanza tulipofungua. Kalamu ilikuwa palepale, imefungwa kwa uzi. Nikaweka tarehe na sahihi pembeni, nikaenda kuuliza chai kama ipo.